Tusiulize Unene wa Ukuta: hotuba kwa mafundi na wahandisi vijana, Mombasa

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, walimu, mafundi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja Tudor saa hizi, wakati kila mwenye akili anataka awe ameshavuka Daraja la Nyali.

Nimeombwa nizungumze juu ya majengo ya vinu vya nyuklia na namna yanavyopimwa nguvu. Mnajua kwa nini mada hii imefika Pwani. Uyombo, kule Kilifi, ilitajwa kuwa mahali pa kujengwa kinu cha kwanza cha Kenya. Mwaka 2024 wenyeji wakaandamana kukataa, na baadaye mazungumzo yakahamia Siaya, upande wa Ziwa Victoria. Sikuja kuwauzia nyuklia, wala sikuja kuwakataza. Nimekuja kwa sababu katika vikao vya habari hizi nimesikia swali lile lile likiulizwa: "Ukuta wake una unene gani?" Mtaalamu hujibu mita moja na kitu, watu wakaguna, kikao kikaendelea. Mimi kazi yangu ni kupima zege, na nawaambia swali la unene ni la mtu anayenunua godoro. La kuuliza ni hili: jengo lilisukumwa kwa nguvu gani, likavujia wapi, na litasukumwa tena lini?

Jengo lenyewe kwanza. Kinu kimo ndani ya chungu cha chuma, na chungu hicho kimo ndani ya jengo kubwa la silinda lenye kuba juu. Jengo hilo la nje nitaliita jengo la kinga. Kwa kawaida huwa ni zege lenye nondo nyingi, mara nyingi limekazwa pia kwa kebo za chuma zilizovutwa kwa nguvu ndani ya ukuta, na upande wa ndani limevishwa bitana ya bati la chuma la milimita chache. Zege linabeba nguvu, bitana inazuia hewa isitoke. Mgawanyo huo wa kazi mwuweke akilini, maana habari yote ya leo imesimama juu yake.

Kazi ya jengo huonekana siku ya balaa. Bomba kubwa likikatika, maji yenye joto kali hugeuka mvuke mara moja na kujaa humo ndani, mvuke ukasukuma kuta kwenda nje. Kule Three Mile Island, Marekani, mwezi Machi 1979, kiini cha kinu kiliyeyuka kwa sehemu kubwa. Saa kama kumi baada ya ajali kuanza, hidrojeni iliyokusanyika ndani ya jengo ikawaka, shinikizo likaruka hadi pauni 28 kwa kila inchi ya mraba. Jengo lilikuwa limesanifiwa kwa pauni 60. Likashika. Chernobyl, Ukraine ya leo, kinu kilipolipuka mwaka 1986 hakukuwa na jengo la aina hiyo, na sumu ya mionzi ikasambaa hewani.

Sasa tuje kwenye vipimo. Kinu cha Ohi nambari 3 huko Japani, ambacho nitakirudia, jengo lake limesanifiwa kwa shinikizo la megapaskali 0.39. Kwa lugha ya saiti, hiyo ni kama tani 40 zinazosukuma kila mita moja ya mraba ya ukuta, pande zote, na kuba pia, kwa wakati mmoja. Wanaofanya kazi Kilindini wanajua tani 40 ni nini. Zizidisheni sasa kwa maelfu ya mita za mraba.

Utajuaje kwamba jengo litabeba mzigo huo? Kyubu zetu, vile vipande vya zege vya mchemraba tunavyovivunja baada ya siku 28, zinatuambia habari za zege, hazituambii habari za jengo. Kwa hiyo kabla ya kinu kuanza kazi, jengo zima hujaribiwa. Milango hufungwa, kompresa kubwa huwashwa, na hewa husukumwa ndani kwa hatua hadi shinikizo lipite lile la usanifu kwa asilimia 15. Kila hatua husimamishwa na vipimo huchukuliwa: ukuta umetanuka milimita ngapi, kuba limeinuka kiasi gani, na nyufa zimetokea wapi.

Ndiyo, nyufa. Naona fundi mmoja hapa ametabasamu. Kwenye nyumba zetu ufa ni aibu, mwenye nyumba humwita mwashi usiku usiku. Kwenye jaribio hili nyufa nyembamba zinatarajiwa, na watu hukaa na darubini ndogo za mkononi wakizichora na kuzipima upana. Kinachoangaliwa zaidi ni kama jengo litarudi. Hewa ikishatolewa, ukuta wa zege lililokazwa kwa kebo unatakiwa urudishe angalau asilimia 80 ya kutanuka kwake ndani ya saa 24. Usiporudi, maana yake kuna kitu humo ndani kimevutika kupita kiasi, na hapo hakuna wa kusema "tutapiga plasta".

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda, kwa sababu ni la watu wenye subira. Hili ni la uvujaji. Jengo hujazwa hewa tena, mara hii hadi shinikizo linalotarajiwa wakati wa ajali, kisha hukaa, kwa desturi saa 24, na watu hupima hewa iliyobaki. Kwa vinu vingi vya Marekani kiasi kinachoruhusiwa kuvuja ni sehemu moja katika elfu ya hewa yote kwa siku. Sasa fikirini. Shinikizo la hewa hushuka pia joto likishuka. Hewa ya humo ndani ikipoa kwa theluthi moja tu ya nyuzi ya sentigredi, shinikizo litapungua kwa ile ile sehemu moja katika elfu, na hakuna hata punje ya hewa iliyotoka. Mtu mzembe atasema jengo linavuja. Mtu mwongo, siku joto limepanda kidogo, atasema halivuji. Ndiyo maana vipimajoto hutapakazwa jengo zima, juu, chini, pembeni, na unyevu wa hewa nao hupimwa.

Mwisho hufanyika jambo moja la kiungwana sana: hufungua kijivalvu na kuachia hewa itoke kwa kiasi wanachokijua. Wanavujisha jengo kwa makusudi, kisha wanatazama kama vyombo vyao vitaliona tundu hilo. Visipoliona, saa 24 zile zimepotea bure. Natamani maabara zetu za zege zingekuwa na desturi kama hiyo ya kukijaribu kipimo chenyewe.

Lakini asilimia 15 juu ya usanifu si mwisho wa nguvu za jengo. Mwisho uko wapi? Hakuna atakayekuruhusu uujue kwa jengo la mabilioni. Hapo ndipo Maabara ya Taifa ya Sandia, huko Albuquerque, New Mexico, ilipojijengea jina. Mwaka 1984 walijaribu mfano wa jengo la chuma, mdogo mara nane kuliko jengo la kweli. Mwaka 1987 wakajaribu mfano wa zege lenye nondo, mdogo mara sita. Ule ulifika zaidi ya mara tatu ya shinikizo la usanifu, kisha bitana ikachanika kando ya tundu la kupitishia mabomba.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa mfano wa lile jengo la Ohi, mdogo mara nne, uliogharimiwa na Wajapani pamoja na Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani. Mdogo mara nne si mdogo: upana wa ndani karibu mita 10.75, ukuta wa zege sentimeta 32.5, bitana ya milimita 1.6, na urefu wa zaidi ya mita 16, kama jengo la ghorofa tano hapa mjini. Taasisi kadhaa za nchi mbalimbali zilitakiwa kwanza zipige hesabu zao na kuzikabidhi kabla ya jaribio, ili asitokee wa kusema baadaye "mimi nilijua".

Mwezi Septemba 2000 wakajaza gesi ya nitrojeni. Shinikizo la usanifu likapitwa, jengo limetulia. Mara mbili, limetulia. Lilipokaribia mara mbili na nusu, vyombo vikaanza kuonyesha uvujaji: bitana ilikuwa imechanika. Waliendelea kusukuma hadi mara 3.3, na hapo gesi ilikuwa inatoka kwa kasi ambayo mitambo ya kujazia haikuweza tena kuishinda. Zege likiwa limesimama! Kuta hazikuanguka, kebo hazikukatika. Jengo lilishindwa kazi yake likiwa bado na nguvu zake.

Walipoingia kukagua ndani walikuta bitana imechanika mahali pengi, na michaniko ilipenda kukaa kwenye maungio ya kuchomelea na kando ya vipande vilivyoongezewa unene, pale panapokutana pagumu na palaini. Sehemu nyingine, chuma kilikuwa kimepunguzwa unene na mashine ya kusagia wakati wa kurekebisha maungio. Nawaomba mafundi wa kuchomelea waliomo humu wasikie hilo vizuri. Unasaga kidogo ili ungio lipendeze, mkaguzi apite, na kumbe umekwangua nusu milimita kwenye bati la milimita moja na nusu. Profesa aliyepiga hesabu za ukuta kwa mwaka mzima hakuliweka hilo kwenye karatasi yake.

Wakabaki na swali: zege lenyewe lingefika wapi? Wakapaka ndani utando wa mpira kuziba michaniko, na mwezi Novemba 2001 wakalijaza maji karibu lote. Kwa nini maji? Kwa sababu gesi iliyobanwa imehifadhi nguvu ya kutosha kurusha vipande vya zege mbali sana, lakini maji hayabaniki, kwa hiyo ukuta ukipasuka shinikizo huanguka mara moja. Hata hivyo jengo liliondoka kwa kishindo. Kwenye mara 3.6 ya shinikizo la usanifu, megapaskali 1.42, kebo zinazouzunguka ukuta zilianza kukatika, ukuta ukafunguka na maji yakamwagika jangwani.

Kwa hiyo tuna namba mbili za jengo moja. Namba ya kuvuja, kama mbili na nusu. Namba ya kupasuka, tatu na sita. Wauzaji wa mitambo hupenda kutangaza ya pili. Nyinyi ulizeni ya kwanza, kwa sababu mwananchi aliye nje hadhuriwi na zege, hudhuriwa na kilichopita katikati ya ufa.

Tusiyatukuze majaribio haya kupita kiasi nayo. Yalifanywa kwa gesi na maji ya kawaida, na ajali ya kweli ni ya moto. Kwenye ajali ya Fukushima, Japani, mwaka 2011, majengo ya kinga yalifikia shinikizo kubwa kuliko la usanifu pamoja na joto kali, na moja ya njia kuu zinazodhaniwa za uvujaji ni vifuniko vya juu, ambako mpira wa kuzibia ulilegea kwa joto na boliti zikavutika. Kwa mara nyingine si ukuta. Ni mlango, ni mpira, ni ungio.

Kuna suala la umri pia. Zege hukauka na kusinyaa kwa miaka, na kebo hulegea polepole. Wafaransa walijenga karibu na Paris mfano mdogo mara tatu unaoitwa VeRCoRs. Ujanja wake ni huu: muda wa kukauka hufuata mraba wa unene, kwa hiyo ukuta wenye theluthi ya unene huzeeka mara tisa upesi zaidi. Mwaka mmoja wa mfano ni kama miaka tisa ya jengo la kweli, na ulipulizwa kupimwa uvujaji karibu kila mwaka wake huo. Majengo yao ya kweli hupimwa kila baada ya miaka kumi. Marekani sasa wanaweza kufika hata miaka 15. Mimi naona ni mingi, ila sijaombwa ushauri.

Na kuna jengo kufaulu mtihani huku likiwa gonjwa. Kinu cha Hanbit nambari 4, Korea Kusini, kilianza kazi miaka ya tisini na kikapitia vipimo vyake. Mwaka 2019 wakakuta ndani ya ukuta wa karibu sentimeta 168 shimo la kina cha sentimeta 157. Zege halikufika pale siku ya kumwaga. Nondo na mabomba vilikuwa vimesongamana, mashine ya kutikisa haikupenya, na ukuta ukapigwa rangi. Bitana ndiyo iliyokuwa ikishika hewa miaka yote hiyo, kwa hiyo jaribio la uvujaji halikuwa na la kusema. Zege lililobaki mahali hapo lilikuwa sentimeta 11. Mwaona sasa unene ulikuwa na maana gani?

Crystal River, Florida, ni kisa kingine. Mwaka 2009 walikata dirisha kwenye ukuta wa sentimeta 107 ili wapitishe mitambo mipya ya mvuke. Wakalegeza kebo, wakakata, na wakakuta zege limeachana matabaka ndani kwa ndani. Wakatengeneza. Walipozikaza kebo tena mwaka 2011, likaachana upande mwingine. Mwaka 2013 wakatangaza kukifunga kinu moja kwa moja.

Nimalizie na jambo letu la Pwani, kwa sababu hapa ndipo ninapokosa usingizi kuliko kwenye mvuke. Tembeeni Mji wa Kale au Tudor hapa hapa mtazame chini ya roshani za ghorofa. Zege limebanduka, nondo nyekundu zimejitokeza, kwingine zimebaki nyuzi. Chumvi ya upepo wa bahari huingia kwenye zege kidogo kidogo hadi ifike kwenye chuma, chuma kikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikalisukuma zege nje. Na hapo sijataja wanaochota mchanga wa bahari usiku.

Mnadhani kinu cha nyuklia kimesamehewa? Koeberg, kaskazini mwa Cape Town, ndicho kituo cha pekee cha umeme wa nyuklia barani Afrika kinachofanya kazi mpaka sasa, na kiko ufuoni mwa Atlantiki tangu mwaka 1984. Majengo yake ya kinga yameliwa na chumvi hiyo hiyo: zege la nje likabanduka, likakatwa na kuzibwa upya, na ikashauriwa ziwekwe nyaya za umeme mdogo wa kuzuia kutu. Julai 2024 mdhibiti wao aliruhusu kinu cha kwanza kiendelee hadi 2044. Afrika Kusini wana miaka 40 ya kumbukumbu za zege na chumvi. Sisi hapa Mombasa tuna chumvi, na kumbukumbu hatuna.

Baada ya hotuba palikuwa na maswali. Naandika mawili.

Kijana fundi wa kuchomelea kutoka Changamwe aliuliza kama watu kama yeye wangeweza kupewa kazi ya bitana, au wangeletwa wageni. Nilimjibu kwamba inawezekana, lakini si kwa cheti kimoja. Mchomeleaji wa bitana hufanyiwa mtihani kwa kila mkao na kila unene wa bati, maungio anayoyachomelea hukaguliwa kwa kisanduku cha ombwe kinachobandikwa juu ya sabuni ili povu lionyeshe tundu, na mengine kwa picha za eksirei. Jina lake huandikwa kando ya ungio, na ungio likivuja baada ya miaka ishirini atajulikana. Akacheka, akasema, "Basi nitasaga kwa adabu, mzee."

Mama mmoja aliyetoka Kilifi akasimama, akaomba radhi kwa kutokuwa mhandisi. Akauliza: "Kinu kikienda Siaya au kikirudi kwetu, sisi tufanye nini sasa, kabla hata jiwe halijawekwa?"

Nilimwambia: Mama, ombi lako lipelekwe kwa mdhibiti, na Kenya inaye. Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na yeye ndiye atakayeandika masharti, si muuzaji. Ombeni matokeo ya majaribio ya jengo yawe wazi kwa umma, pamoja na yale ya kila baada ya miaka kumi. Siaya haina chumvi ya bahari, na hilo ni jambo kubwa kwa zege. Ila kama siku moja macho yatarudi Pwani, kuna kipimo kisichohitaji ruhusa ya mtu. Mnamwaga vipande vya zege vya michanganyiko tofauti, mnaviweka ufuoni, vingine kwenye maji kupwa na kujaa, vingine pale panaporuka mawimbi, vingine juu palipo na upepo tu. Kila mwaka mnatoboa kimoja na kupima chumvi imeingia milimita ngapi. Hata kinu kisipokuja, hesabu hiyo itafaa madaraja, gati na maghorofa ya hapa.

Akauliza vipande hivyo ni vikubwa kiasi gani. Ni kyubu za kawaida, sentimeta 15 kwa 15. Vijana wanne wamejiandikisha kwangu kabla ya kutoka ukumbini, na wa tano ni yule fundi wa Changamwe. Anayetaka kuungana nao, ukungu wa kumwagia ninao, na simiti mwanzo nitatoa mimi. Tunaanza Jumamosi asubuhi maji yakipwa.